Ulimi Wangu na Asali ya Mjomba Gidioni

Tabitha mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi umeniamkia, na mchana umeniamkia tena kwa utani, ukisema shikamoo ya pili ni ya akiba ya Dodoma. Marahaba zote mbili. Sasa hivi uko uani na mama yako mnagombania begi. Yeye anataka uongeze blanketi, wewe unasema huko chuoni hakuna baridi kama ya Iguguno. Mimi nimekaa humu ghalani, kati ya mizinga mibovu na magunia ya alizeti, naandikia juu ya goti. Mambo ya kufunga mlango, kula kwa wakati na kutofuatana na watu usiowajua, mama yako ameshayasema mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla hajafika mwisho. Sitayarudia.

Barua hii nitaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya kifuniko cha ile ndoo ndogo ya asali. Najua ndani ya basi hutaifungua, utaogopa kuchafua sketi mpya. Utaifungua ukishafika. Nimetaka iwe hivyo, kwa sababu wakati huo nitakuwa nimeshalifanya jambo ninalokuandikia, au nitakuwa nimeshindwa kulifanya, na wewe hutaweza kunitetea wala kunizuia.

Utakuta asali imeganda. Usiipashe moto. Nimeiacha hivyo makusudi.

Unakumbuka siku uliyonikuta humu humu ghalani? Ulikuwa kidato cha tatu, umerudi likizo. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya sufuria ya maji moto, ndoo ya asali imo ndani, nakoroga kwa mwiko. Ukasimama mlangoni.

"Baba, unapika asali?"

"Ingia, funga mlango."

"Kwani umeiiba?"

Ukacheka. Mimi sikucheka. Mwaka ule asali yangu yote iliganda. Miaka yote nilirina porini, asali nyeusi inayokaa mwaka mzima bila kubadilika. Lakini magoti yalipoanza kuuma nikaisogeza mizinga hapa nyuma ya shamba, na alizeti tulikuwa tumelima mpaka kwenye uzio. Asali ikatoka nzuri, ya manjano. Haikumaliza mwezi, ikawa nyeupe na nzito kama samli ya asubuhi. Ndoo tatu. Nikazificha chini ya kitanda, mama yako nikamwambia ni mbegu. Kila siku nikawa nayeyusha kidogo kidogo, kama mtu anayefuta nyayo zake. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliamini Mungu ananijibu. Kwa nini anijibu kwa asali, utajua mbele.

Wewe ukachovya kidole, ukalamba, ukasema, "Mbona nzuri! Hii ni glukosi tu, Baba."

Neno hilo nililijua, ila si kwenye asali. Kwangu glukosi ilikuwa ile poda nyeupe ya pakiti ambayo wenzako waliilamba asubuhi ya mtihani, ikawatoka puani. Ilikuwa ile chupa iliyoning'inia juu ya kitanda cha bibi yako, ikidondoka tone tone siku alipokuwa hawezi kumeza. Nilidhani ni dawa, kitu cha kutengenezwa na wazungu. Ukakaa juu ya gunia, ukanifundisha kama mwalimu. Ukasema glukosi ni sukari, tena ile ndogo kabisa, isiyohitaji kuvunjwavunjwa tumboni, ndiyo maana mgonjwa hupewa. Ukasema ndiyo inayotembea kwenye damu ya kila mtu, mzima na mgonjwa, na kwamba kichwa hiki ninachofikiria nacho kinaila hiyo hiyo mchana na usiku. Ukasema asali ina sukari mbili kubwa, glukosi na nyingine ambayo jina lake lilinishinda siku ile na leo limenishinda tena. Ile nyingine hukaa majimaji. Glukosi ndiyo hujitenga ikafanya chenga. Na maua hayafanani: mengine yana nyingi, mengine kidogo. "Alizeti ndiyo yenyewe," ukasema. "Asali ya alizeti lazima igande, Baba. Isipoganda ndiyo uulize."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nikakuuliza, "Kwa hiyo mtu akikuta chenga kwenye asali, siyo sukari ya dukani?"

"Si lazima. Wapo wanaodhani hivyo?"

"Wapo."

"Washamba," ukasema, ukatoka kwenda kutwanga na mama yako.

Mwanangu, hukujua ulimwambia nani.

Mjomba wako Gidioni, kaka yake mama yako, hakuhamia Kilimatinde kutafuta mashamba. Hivyo ndivyo ulivyoambiwa, na aliyekwambia ni mimi. Alihama kwa sababu yangu.

Ulikuwa chekechea. Gidioni alikuwa mtu wa kwanza hapa kwetu kuweka mizinga ya kisasa, ile ya masanduku, tena akaiweka pembeni ya mashamba ya alizeti, kando ya barabara. Sisi wa porini tulimcheka. Tulisema nyuki wa barabarani hao watarina vumbi. Alipovuna, alivuna mara mbili ya mimi niliyelala msituni siku nne nikiliwa na mbu. Siku hiyo nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni sikupenda. Naandika hivyo hivyo, sikupenda.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno. Unaijua ilivyo, kila mtu na alichojaliwa, mahindi, kuku, maboga, vinapita madhabahuni halafu nje kwenye mnada. Mwinjilisti wetu mwaka ule alikuwa na maneno. Ameshika jogoo kwa miguu, anapiga kelele, "Huyu ameokoka, anatafuta nyumba ya Kikristo ya kukaa, nani anampokea?" Watu wanacheka mpaka machozi. Ikafika ndoo ya Gidioni. Kubwa, amefunga kitambaa cheupe juu. Alikuwa amesema tangu Jumapili ya nyuma kwamba fungu la kumi la mizinga yake ya kwanza ataleta lote mbele za Bwana.

Mwinjilisti akafungua. Akainamisha ndoo, asali haikusogea.

"Hii mbona imelala?"

Mama mmoja akasema, "Ni mafuta ya ng'ombe hayo." Mwingine akasema sukari guru. Wakacheka, lakini kicheko cha namna nyingine. Gidioni akasema ni asali, imeganda tu, hata yeye ameshangaa. Mtu akatoa kiberiti, maana unajua watu wa hapa, asali huchovywa njiti na njiti ikiwaka basi ni safi. Ya kwanza haikuwaka. Ya pili ikakatika. Ndipo mwinjilisti akasema, "Tunahangaika nini na mwenye ulimi yupo? Mzee wa kanisa, njoo utuamulie."

Mwenye ulimi ni mimi. Ndivyo walivyoniita. Nilikuwa naweza kuonja asali gizani nikakwambia imetoka pori la upande gani na mvua ilinyesha lini. Nikapita mbele. Nikaweka kijiko mdomoni.

Hapa nataka uniangalie vizuri, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia. Ulimi haukunidanganya. Nilisikia chenga, ndiyo, lakini chenga zenyewe zilikuwa laini, zinayeyuka zikiacha ubaridi, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya shamba la alizeti saa nne asubuhi. Sukari ya dukani haina harufu hiyo. Ulimi wangu uliniambia wazi: hiki hukijui. Ilikuwa ni kusema tu, "Jamani, hii sijawahi kuiona." Maneno manne. Lakini usharika mzima ulikuwa unanitazama, na shemeji yangu aliyevuna mara mbili yangu alikuwa ananitazama, ameanza hata kutabasamu kwa sababu alijua mimi nitamwokoa.

Nikatema pembeni. Nikasema, "Hii imechakachuliwa."

Hakuna aliyecheka. Gidioni akaniuliza taratibu, "Shemeji, umesemaje?"

Nikarudia.

Akasema, "Mimi nimtilie Mungu sukari?"

Mimi nikasema, kwa kutaka kuonekana mpole, "Shetani humjaribu kila mtu, shemeji. Ungama tu, yaishe."

Akafunga kitambaa chake juu ya ndoo, fundo moja, fundo la pili. Akageuka kwa watu. "Basi nendeni mkawaulize nyuki," akasema. Akaibeba ndoo kichwani, yeye mwanamume mtu mzima, akapita katikati ya mnada akaenda kwake.

Baada ya hapo hakuna gari lililosimama kwake kununua asali. Watoto wake shuleni wakaitwa sukari guru. Msimu wa pili akauza mizinga, akahama na familia kwenda kwa wakweze, Kilimatinde. Alikuja kumuaga mama yako nikiwa shambani. Alijua nipo shambani.

Kuna jingine. Ulipokuwa na miaka mitatu malaria ilikupanda ghafla, ukakakamaa, macho yakageuka. Tukakukimbiza zahanati, mimi na mama yako, mama yako amepoteza kiatu kimoja njiani. Nesi akakushika, akasema sukari ya mwilini imekwisha, na dripu hana, imeagizwa. Akasema, "Leteni sukari yoyote, sasa hivi, msisimame kunitazama." Nyumba ya Gidioni ilikuwa jirani pale. Alikuja mbio na chupa ya asali, bila viatu. Nesi akakupaka kidogo chini ya ulimi na kwenye fizi, akangoja, akapaka tena. Gidioni amepiga magoti ameshika chupa, anakuita kwa Kinyiramba. Ukafumbua macho. Kitu cha kwanza ulichofanya ni kulamba mdomo, tukacheka wote huku tunalia.

Sikujua siku hiyo kilichokurudisha kinaitwaje. Miaka miwili baadaye nilikitema chini mbele ya watu nikakiita uongo. Na jina lake nilikuja kupewa na wewe mwenyewe, umekaa juu ya gunia, unaninyooshea kidole chenye asali.

Sasa utasema, Baba hukujua, elimu yako darasa la saba, nani angekulaumu? Hilo kosa la kwanza nimelibeba na linabebeka. Lisilobebeka ni la pili. Tangu siku ya gunia mpaka leo, umemaliza kidato cha tatu, cha nne, umengoja matokeo, umepata chuo. Siku zote hizo nilikuwa najua. Nimesimama mbele ya usharika nikasoma zaburi najua. Nimeshiriki meza ya Bwana najua. Niliamini ni aibu itakayopita yenyewe, lakini aibu iliyofungiwa ndani haipiti, mwanangu. Nayo huganda.

Mara moja nilijaribu. Mama yako nilimwambia naenda Manyoni kwa mnunuzi wa nta. Nikashuka stendi, nikaagiza chai na chapati, nikakaa natazama magari ya Kilimatinde yanapakia. Moja likaondoka. La pili likaondoka, konda ananiita, "Mzee, twende, nafasi ya mwisho hiyo!" Nikamwambia nangoja mtu. Nilikuwa namngoja nani? Nikarudi na basi la jioni. Mama yako akaniuliza, "Mnunuzi vipi?" Nikasema hakuwepo. Hapo nikawa nimeongeza uongo mwingine juu ya ule.

Jumapili iliyopita, baada ya kukuombea kanisani, nilimkuta mama yako jikoni anakoroga uji. Akatia chumvi. Umekua ukimwona hivyo, ukadhani ni mapenzi yake tu, na mimi nilijifanya nadhani hivyo hivyo. Mama yako alikuwa mtu wa asali. Tangu siku ile ya mnada hajaionja. Miaka yote kwenye nyumba ya mrina asali, anakunywa uji wa chumvi mbele yangu, na hajawahi kunisemesha kitu.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia yote: gunia, glukosi, alizeti, stendi ya Manyoni. Nilizungumza nikitazama miguu yake. Nilipomaliza akaendelea kukoroga.

Nikamuuliza, "Husemi kitu?"

"Niseme nini? Nilijua."

"Ulijua nini? Tabitha alikwambia?"

"Nilimjua kaka yangu," akasema. "Mimi sikuhitaji glukosi kumjua kaka yangu."

Halafu akasema, "Nilichokuwa nangoja ni kama na wewe ulikuwa unamjua."

Nimeumwa na nyuki maisha yangu yote, usoni, ndani ya sikio. Sijawahi kuchomwa hivyo.

Nikamuuliza kwa nini basi alikaa na mimi. Akasema, "Nilikuwa na mtoto wa kulea, na wewe mambo mengine unayaweza." Akanimiminia uji. Ndivyo alivyo mama yako, unamjua.

Nakuandikia haya siyo kwa sababu unaenda mbali. Dodoma siyo mbali. Nakuandikia kwa sababu ya kazi unayoenda kujifunza. Maabara. Siku moja utakuwa wewe umevaa koti jeupe, na mtu ameketi mbele yako amenyoosha kidole, umemtoboa, umechukua tone, unapima hiyo hiyo sukari. Atakuangalia usoni kabla hujaangalia kipimo. Watu watakuita mwenye macho, kama mimi walivyoniita mwenye ulimi, na ni vizuri kuitwa hivyo, utamu wake nimeuonja. Itakuja siku kipimo kitakuonyesha kitu usichokielewa, na mkubwa amesimama, na foleni ni ndefu. Nakuomba siku hiyo umkumbuke baba yako na kijiko mdomoni. Sitaongeza neno hapo.

Na lingine ni dogo. Uliposema washamba, nilikuchukia kidogo, kama dakika moja. Halafu nikamshukuru Mungu kwamba nimelipa ada na hukumu yangu ikarudi na mtoto wangu mwenyewe, inacheka. Usiache kusema unachokijua mbele ya wazee. Ila chunguza kwanza kama kuna aliyeficha ndoo chini ya kitanda.

Kesho unafikiri tunakusindikiza mpaka stendi ya hapa. Mama yako na mimi tumekata tiketi. Tutapanda na wewe. Ikungi tutapita tumekaa watatu, wewe dirishani, na utatuuliza tunaenda wapi, na mama yako atakwambia tunaenda kumsalimia mgonjwa. Usimkasirikie, si uongo sana. Manyoni tutashuka, wewe utaendelea. Tuna ndoo yetu na sisi, kubwa, ya mizinga ya alizeti, haijaguswa na moto. Mama yako ameifunga kitambaa cheupe juu. Sikumwambia afunge hivyo.

Sijui Gidioni atatupokeaje. Mama yako alipiga simu kusema atakuja, hakusema anakuja na nani. Anaweza kumpokea dada yake na kunifungia mimi mlango, na atakuwa na haki. Akifanya hivyo nitakaa nje mpaka jua lizame, halafu nitarudi stendi, na safari hii konda akiniuliza nitamwambia ukweli. Mchungaji nimeshamwomba nafasi Sikukuu ya Mavuno, pale pale uwanjani, kabla ya mnada kuanza. Nitasimama nilipokuwa nimesimama. Lakini siwezi kuwaambia watu kabla ya kumwambia yeye, maana mara ya kwanza niliwaambia watu kabla yake.

Kwa hiyo unaposoma hapa, mwanangu, mimi nimeshajibiwa. Usinipigie kuuliza. Mama yako atakupigia mwenyewe. Kama atakwambia ametiliwa asali kwenye chai huko ugenini, utakuwa umejua yote.

Akinifungulia mlango, sina hotuba. Nimejaribu kuipanga humu ghalani, kila neno linageuka kuwa la mzee wa kanisa. Nitaiweka ndoo chini, nitafungua kitambaa, nitampa kijiko. Nitamwomba aonje mbele yangu aniambie nyuki wangu walikwenda kwenye maua gani. Yeye atajua. Aseme lolote atakalosema juu ya asali yangu na juu yangu, na mimi safari hii nitakuwa nimenyamaza.

Mama yako ananiita, blanketi limeingia begini. Ameshinda.

Mungu aliyekufumbua macho kwenye goti la nesi akutunze huko uendako.

Ni mimi baba yako, niliyewahi kuitwa mwenye ulimi.